Goti la Mzee Nukta

Maabara yetu ilikuwa na magoti sita yasiyo na mwenyewe. Juu chuma kilichong'arishwa kama kioo, chini kipande cha plastiki, yamefungwa kwenye mashine iliyoyakunja na kuyakunjua hatua moja kila sekunde, mchana na usiku, bila likizo. Kazi yetu ilikuwa kujua plastiki ile italika kiasi gani kwa kusuguana na chuma, kabla daktari hajamwekea mtu mguuni. Na mkubwa wa kazi hiyo, mchungaji wa magoti sita yaliyotembea kuliko watu wote wa mtaa ule, alikuwa mzee ambaye goti lake mwenyewe lilikuwa limekufa. Alipanda ngazi kwa kushika ukuta, akipumzika kila baada ya ngazi tano. Wengine walimcheka kisirisiri. Mimi nilimcheka kwa raha zangu zote.

Tulimwita Mzee Nukta kwa sababu alipima uzito mpaka nukta ya mwisho, na ukimtajia namba nzima bila nukta alikutazama kama umeingia ndani na viatu vya matope. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mrefu, mkavu, kola ya shati imepigwa pasi mpaka inataka kumkata shingo. Ujanani alikuwa tarishi wa miguu, akisambaza barua mji mzima, na hadi uzeeni alipima dunia kwa hatua. Kutoka kwake hadi kazini, alisema, ni hatua elfu nne na mia mbili. Siku hizi aliletwa na gari la jirani, akashushwa mlangoni kama mzigo, na hilo lilimuuma kuliko goti lenyewe. Maabara ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nane. Lifti ilikufa zamani na hakuna aliyeizika wala kuifufua.

Tusimnyime haki yake, kazi aliijua. Magoti yale yalitembea ndani ya maji ya damu ya ng'ombe, yaliyochujwa wekundu wote yakabaki ya manjano kama mkojo wa asubuhi, kwa sababu ndiyo yanayokaribiana na ute wa gotini. Maji hayo yakioza msuguano unabadilika na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo kila jioni Mzee Nukta alipita chupa moja baada ya nyingine, akafunua, akanusa, akafunika. Pua yake ilijua kuoza kabla ya kuoza kwenyewe.

Lakini mdomo wake! Mdomo wake ulikuwa wembe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvitoa vipande kwenye mashine, kuviosha, kuvikausha kwa muda uliopangwa, kisha kumpelekea vikiwa kwenye sinia. Kwa hiyo akaniita Mama Taulo, na maabara nzima ikafuata. Miaka kumi na moja sikuwa na jina lingine. Mara tatu niliomba nifundishwe mizani, na mara tatu fomu ilipita mkononi mwake. Ya tatu niliiona kwa macho yangu. Aliandika neno moja tu, "Hafai", na yeye mwenye nukta zake zote hakuweka hata nukta.

Sasa nieleze jambo moja la kazi, maana bila hilo hamtanielewa. Plastiki, iwe ngumu vipi, hunywa maji. Kipande kikitembea wiki tatu ndani ya maji kinapungua kwa kulika, na papo hapo kinaongezeka kwa kunywa. Ukikipima hivihivi kitakudanganya. Ndiyo maana kulikuwa na kipande cha saba, ndugu wa tumbo moja na wale sita, ambacho hakikutembea. Kilikaa peke yake kwenye chupa ya maji yaleyale, juu ya bamba lenye joto la mwili, kimefunikwa. Kikitoka kimeongezeka miligramu kumi, basi unajua na wale sita wamekunywa kumi, nawe unaziongeza kwenye hasara yao. Mzee Nukta alikiita shahidi.

"Shahidi hatembei, hagombani na mtu, kazi yake kunywa," alipenda kusema. "Lakini neno lake ndilo hukumu."

Mwaka ule ikaja plastiki mpya, ya kijivu, iliyochanganywa na unga wa kuikaza. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa na haraka. Walitaka itembee hatua milioni mbili, na hasara isizidi miligramu kumi. Kwa kawaida tulisimamisha mashine mara kadhaa katikati ya safari tukapima, lakini kila kusimama kunakula siku mbili, na mkurugenzi wetu akatangaza kwamba safari hii tutapima mwanzo na mwisho tu.

Mzee Nukta aligoma. Alisema hajawahi kufunga safari akiwa amefumba macho. Mkurugenzi akamwita ofisini, wakakaa humo nusu saa, na alipotoka alikuwa mpole kama amemwagiwa maji. Siku iliyofuata tukajua wote, maana furaha haifichiki. Plastiki ikifaulu, kiwanda kitatoa goti moja bure, pamoja na upasuaji wake, na mkurugenzi alikuwa ameshalitaja jina la mgonjwa. "La kwanza ni lako, Mzee wangu," alimwambia.

Tangu siku hiyo mtu yule alibadilika. Alikuwa akisimama mbele ya mashine akiyatazama magoti yale sita kama mtu anayechagua viatu dirishani. Alimpigia simu daktari kuuliza mgonjwa anapanda ngazi siku ya ngapi. Alimwambia mlinzi wa mlangoni, "Utaniona siku hiyo. Thelathini na nane, bila kugusa ukuta. Nikigusa, nipige kofi."

Ilikuwa Alhamisi, zimebaki siku chache milioni mbili zitimie, wageni wa kiwanda walipokuja kutazama. Walikuwa watatu, na mkurugenzi nyuma yao akichekelea kila walichosema. Nilikuwa nimesimama kando na sinia langu. Mgeni mmoja, mtu muungwana, akanigeukia.

"Na wewe mama, unafanya kazi gani hapa? Unapima?"

Kabla sijafungua mdomo Mzee Nukta akadakia. "Huyu? Apime nini? Huyu anaosha." Kisha akaokota kipande cha plastiki mezani, akakiinua juu wakione. "Bora hiki. Hiki ukikitia majini wiki tatu kinafyonza kitu. Huyu mama nimemloweka hapa miaka kumi na moja, hajafyonza chochote."

Walicheka. Mkurugenzi alicheka mpaka akajifuta macho. Hata yule muungwana alicheka, akainamisha uso, na cheko lake ndilo lililonichoma zaidi. Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu kama mjinga, sinia mkononi, masikio yanawaka moto. Mtu anakuvua nguo mbele ya wageni nawe unatabasamu, halafu unakwenda kusuuza chupa.

Jioni ile alipita akinusa kama kawaida yake. Alipofika kwa shahidi, akafunua, akainama, na simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi akimwambia wageni wameridhika. Mzee Nukta akaweka kifuniko mezani, akaenda dirishani na simu yake, akawa anasema, "Ndiyo, mkuu. Ahsante, mkuu. Mungu akuzidishie, mkuu." Alipomaliza kumvisha mkuu wake vilemba vya ukoka akachukua koti lake, akaanza safari yake ya ukutani kushuka ngazi. Kifuniko kilibaki pale pale mezani.

Nilikiona. Nataka lieleweke kabisa kwamba nilikiona. Kilikuwa umbali wa mkono, kifuniko chekundu cha kusokota, na kukirudisha kungenichukua muda wa kupiga chafya. Mbele yetu kulikuwa na mapumziko ya siku nne. Nilijua maji yale yatakauka. Nilijua shahidi aliyekauka hutema yote aliyokunywa. Nikasema moyoni, Jumanne utakuja ukute kazi ya wiki tatu imeharibika kwa mkono wako mwenyewe, na mkurugenzi yupo, na hao wageni wako wataambiwa. Tuone nani hajafyonza. Nikazima taa.

Wakati wa mapumziko Mzee Nukta alikuwa na tabia ya kuja kutazama mashine. Safari ile hakuja. Goti lilikuwa limevimba, hakuweza kushuka kitandani. Mlinzi ndiye aliyepanda mara moja moja kuchungulia kwenye kioo kama mashine inatembea.

Jumanne nilifika wa kwanza. Shahidi alikuwa mkavu. Chini ya chupa pameganda ukoko wa manjano kama wa sufuria ya uji iliyosahaulika, na kipande kimelala juu yake kikiwa na utando mweupe. Roho ilinisuuzika, naomba mnisamehe au msinisamehe. Nikavuta kiti nimsubiri.

Nikamsikia anapanda. Ngazi tano, kimya, pumzi. Ngazi tano, kimya, pumzi. Na sauti ya mkurugenzi pamoja naye, "Polepole, Mzee wangu, siku zako za tabu zinakwisha." Hapo ndipo akili ilinirudia. Wataniuliza nani alitoka wa mwisho Alhamisi. Nani alizima taa. Mlinzi anajua, ameandika kwenye daftari lake. Mwenye kusahau ni mzee anayekaribia kustaafu, wa kufukuzwa ni muosha chupa. Walipofika juu nilikuwa nimeshasugua chupa ikang'aa, nimeanza kutoa vile sita, na kesho yake mchana vyote saba nilikuwa nimevipanga kwenye sinia vikiwa safi na vikavu kwa muda uleule.

Mzee Nukta akaketi mbele ya mizani. Mizani ile ilikuwa ndani ya sanduku la vioo, kwa sababu hata upepo wa mtu kupita uliihamisha. Akavipima vile sita. Kwa wastani vilikuwa vimepungua miligramu sita. Kisha akampima shahidi. Ameongezeka mbili. Akampima tena. Mbili. Akamtoa, akasubiri, akamrudisha. Mbili na nukta kidogo.

"Kanywa kidogo mno huyu," alisema. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja aliniuliza swali la kazi. "Mama Taulo. Shahidi alikaa majini siku zote?"

"Siku zote, Mzee."

"Ulimkausha kama wenzake?"

"Kama wenzake."

Aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Mtu wa miaka thelathini kwenye mizani hakosi kunusa. Alijua kuna kitu. Lakini mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani, na goti lilikuwa likimpwita chini ya meza. Nilimwona akilikanda bila mwenyewe kujua.

"Basi plastiki hii haina kiu," akasema hatimaye, kama mtu anayejibembeleza. Sita na mbili ni nane. Nane haijafika kumi. Akasaini.

Nilitaka aumbuke, badala yake nikampa sherehe. Mimi nilidhani uharibifu ni uharibifu tu, sikujua kwamba kosa lile litageuka kuwa pongezi. Ningeweza kusema jioni ile. Ningeweza kusema kesho yake. Nilikuwa bado na hasira, na hasira hasara, wanasema, ila hawasemi hasara ni ya nani.

Baada ya miezi miwili akawekewa goti. Nilikwenda kumtazama hospitali na wenzangu, maana kutokwenda kungeonekana. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye mikono ya moto, alinishika viganja vyote viwili.

"Mdogo wangu, nimekusikia kila siku nyumbani. Anasema vipande anavyoletewa na wewe havina hata vumbi."

"Anasema hivyo?"

"Kila siku. Kwani hakwambii?"

Mwezi wa nne baada ya upasuaji akarudi kazini kwa miguu. Hatua elfu nne na mia mbili, alizihesabu. Sote tulitoka kwenye korido tukaegemea kizuizi cha ngazi, mlinzi chini amenyanyua kiganja tayari kwa kofi. Alipanda thelathini na nane mikono ikiwa mifukoni. Alipofika juu alikuwa analia na kutukana kwa pamoja, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Msiba wangu ni kwamba goti jipya lilimletea na moyo mpya. Kumbe ubaya wake wote ulikuwa maumivu. Mtu asiyelala usiku miaka kumi na miwili atapata wapi ulimi mtamu? Siku moja akaweka kiti cha pili mbele ya mizani, akakipangusa kwa leso yake.

"Kaa hapa. Nilikosea juu yako. Niliandika hafai, nitaandika tena."

Akanifundisha. Alinifundisha kwa subira ambayo hata mama yangu hakuwa nayo. Kushusha pumzi kabla ya kufungua kioo, kushika kipande kwa koleo la plastiki, kusubiri namba itulie. Akastaafu mapema kidogo ili nafasi iwe yangu, na kwenye barua aliyomwandikia mkurugenzi alisema sijawahi kumdanganya hata mara moja.

Nilipokuwa mwenye mizani, nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Kabatini kilibaki kipande kimoja cha plastiki ile ya kijivu, hakijatumika. Nikakipima, nikakitia majini kwenye joto la mwili, nikakifunika, nikakaza kifuniko kwa mikono miwili. Siku ishirini na nne. Kilipotoka kilikuwa kimeongezeka miligramu arobaini na tatu.

Arobaini na tatu na sita ni arobaini na tisa. Mpaka ulikuwa kumi.

Nilikaa na namba hiyo mchana mzima. Mzee alikuwa bado anatembea wakati huo, akinipungia mkono kila asubuhi akipita barabarani chini ya dirisha letu, maana alikuwa amejipangia mazoezi ya hatua elfu kumi kwa siku. Daktari angeweza kumbadilishia kipande kile cha plastiki mapema, mfupa ukiwa bado mzima. Na wengine waliokwisha wekewa walikuwa ishirini na saba. Ilitosha niinue simu. Lakini ningeinua simu nimwambie nini mkurugenzi? Kwamba aliyeketi kwenye kiti hiki ndiye aliyemkausha shahidi? Nikakifunga kipande kwenye karatasi, nikakitupa kwenye pipa la takataka za damu, linalokwenda kuchomwa. Nikapungia mkono dirishani.

Mwaka wa pili haukuisha. Goti lilianza kupata joto, kisha kuvimba, kisha kulia. Mkewe aliniambia lilikuwa likilia kama bawaba ya mlango, na watu wakiwa mezani wanajifanya hawasikii. Plastiki ile ilikuwa imesagika unga mlaini, na unga ule ulikuwa unaula mfupa kama mchwa. Daktari alipofungua alikuta hakuna pa kushikiza goti lingine. Wakatoa kila kitu, wakauunga mfupa wa juu na wa chini kwa chuma kirefu. Mguu ukawa mpini, haukunjiki milele.

Mkewe alikwenda kiwandani kulalamika, wakamtolea karatasi. Waliisoma mbele yake kwa sauti. Plastiki imefaulu, hasara miligramu nane, na chini saini ya mumewe. Wakamuuliza mzee alikuwa akitembea hatua ngapi kwa siku. Yeye, mkweli wa watu, akasema elfu kumi. "Umeona, mama?" wakamwambia. "Goti si tairi la lori." Mwezi huohuo wakaacha kimyakimya kuitengeneza plastiki ile, bila tangazo. Wale ishirini na saba siwajui, na sitaki kuwajua.

Kile kipande kilichotolewa gotini kililetwa kwetu ndani ya kikopo, kipimwe kwa kumbukumbu. Mzee Nukta akapiga simu. Alitaka awepo.

Nilimwambia nitamletea namba nyumbani. Akakataa. Nikamwambia nitashuka nayo hadi mlangoni. Akakataa. Mlinzi akajitolea kumbeba mgongoni, akamtukana matusi ya zamani, yale ya wakati wa maumivu. Akakaa kwenye ngazi ya kwanza akiwa ametugeuzia mgongo, mguu umenyooka mbele yake kama ubao, akajisukuma kwa mikono, makalio yakapanda ngazi moja. Kisha nyingine. Mkewe alikuwa chini ameshika mkongojo na begi, akitazama ukutani. Sisi tulikuwa juu pale pale tulipopigia makofi. Alizihesabu zote kwa sauti. Ilimchukua karibu nusu saa, na alipofika thelathini na nane suruali ilikuwa imechanika nyuma, ile iliyopigwa pasi.

Nikampa kiti cha pili. Nikakipima kipande mbele yake kama alivyonifundisha, nikashusha pumzi, nikasubiri namba itulie. Hasara ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuhitaji mizani ile. Macho yalitosha: katikati palikuwa na shimo la kuingia kidole.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Na nukta."

Nikasoma na nukta.

Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa zile ngazi, ameilaza mapajani viganja juu. Kisha akanigeukia, na macho yake hayakuwa ya kunishuku hata kidogo. Nilitamani yangekuwa.

"Nimelala na jambo moja mwaka mzima," akasema. "Nimelirudia kila nukta. Mashine ilikuwa sawa. Maji nilinusa mwenyewe. Mizani nilipima mara tatu. Kimebaki kitu kimoja tu, na siwezi kumuuliza mtu mwingine, kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya. Shahidi alikaa majini siku zote?"

Wangapi wanapewa nafasi ya pili na yuleyule waliyemuumiza, kwa swali lilelile, neno kwa neno? Mimi nilipewa. Mkurugenzi hakuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa. Jibu lingemfungulia kamba shingoni, hata kama lisingempa mguu. Nilitazama kiti nilichokalia.

"Siku zote, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Hakushangaa. Alikuwa kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokwisha jisomea.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni mwendo wangu."

Akashuka kama alivyopanda, ngazi moja moja, nami nikamfuata nyuma nimeshika koti lake. Safari hii hakuhesabu. Mkewe alimsubiri chini, akamwinua kwa kumtia bega kwapani.

"Wamesemaje?" akamuuliza.

"Ni mimi, mke wangu. Nilitembea sana."

"Si nilikwambia?" mkewe akasema, na sauti ikapanda palepale mlangoni mbele ya mlinzi na wapita njia. "Si nilikwambia kila siku, ukae? Hatua elfu kumi, hatua elfu kumi! Umejikata mguu wako mwenyewe, na sasa mimi ndiye wa kukuvua suruali mpaka nife!"

Mzee Nukta aliinamisha kichwa, akapokea. Nikamvisha koti lake, nikafunga na vifungo. Akanishukuru, akaniita mwanangu, kisha nikapanda kurudi kazini.